Tende ya Tahniki na Sukari ya Mtoto Mchanga

Kwetu pwani mtoto azaliwapo huadhiniwa sikioni, kisha mcha Mungu humpaka kaakaani tende iliyotafunwa. Ndiyo tahniki, nayo ni suna. Mwaka 2013 matabibu wa Hamilton, New Zealand, walionyesha kuwa mtoto aliyepungukiwa na sukari ya damu, akisuguliwa jeli ya sukari ndani ya shavu na kunyonyeshwa, hupona zaidi kuliko apakwaye jeli tupu. Wako waliodakia, "Si tulisema!" Taratibu, jamaa. Jeli ile hupimwa kwa uzito wa mtoto, tende haipimwi. Wala suna haingojei cheti cha maabara. Sukari ikishuka ikadumu, ubongo hudhurika. Basi mtoto wa mama mwenye kisukari, aliyezaliwa kabla ya siku zake, au aliyelegea akakataa ziwa, akapimwe damu hospitali upesi. Na asali asilambishwe hadi atimize mwaka.