Maziwa ya Jioni: Joto Lake Huenda Wapi?

Kila mwenye ng'ombe katika skimu aijua hasara ya maziwa ya jioni. Maziwa ya asubuhi hukamuliwa na kufikishwa kwenye kituo cha ushirika kabla jua halijawa kali. Ya jioni hulala nyumbani saa 12 nzima. Asubuhi karani huyapima kwa spiriti, nayo yakigandamana hurudishwa. Majani yameliwa, dawa ya kupe imenunuliwa, kazi ya kukamua imefanywa, na malipo hakuna.

Wengine husema, "Kwetu usiku ni baridi, maziwa yatapoa yenyewe." Maneno hayo yana kosa, na afaa kila mkulima alijue.

BARIDI HAIINGII, JOTO HUTOKA

Baridi si kitu kinachoweza kuingia ndani ya maziwa. Baridi ni upungufu wa joto tu. Joto ndilo lililopo, nalo ni namna moja ya nguvu, zile ambazo watoto shuleni huziita nishati. Nguvu hizi hazipotei. Hugeuka namna na kuhama mahali. Jua hulipa jani nguvu, ng'ombe hula jani, na mwilini mwake sehemu kubwa ya nguvu hizo hugeuka kuwa joto. Ndiyo sababu maziwa hutoka chuchuni yakiwa na joto la digrii 37 au 38.

Joto hilo ni lazima lihamie kitu kingine. Nalo lina desturi yake: hutoka katika kitu chenye moto na kwenda katika kitu chenye baridi kuliko hicho, na vikiwa sawa husimama. Kwa hiyo anayetaka kupoza maziwa na aulize mambo mawili: Joto litakwenda wapi? Na njia yake ni ipi?

Haraka inatakiwa, kwa sababu ya vijidudu. Katika maziwa yenye joto, kijidudu 1 chaweza kuwa 2 kila nusu saa. Katika muda wa saa 5 kimoja huwa zaidi ya 1,000. Katika maziwa yaliyopoa huongezeka polepole sana.

MZIGO WA JOTO

Nguvu hupimwa kwa kipimo kiitwacho juli, kwa jina la Mwingereza James Joule (1818–1889), aliyeonyesha kwamba kazi ya kukoroga maji huyapasha joto. Kilojuli 1 ni juli 1,000. Lita 1 ya maziwa ikipoa kwa digrii 1 hutoa kilojuli 4 hivi. Basi maziwa lita 20 yakipozwa kutoka digrii 37 hadi 17, hutoa kilojuli 1,600. Nguvu hizo zingetosha kuinua gunia la mahindi la kilo 90 kwa mita 1, mara 1,800! Huu si mzigo mdogo wa kuachiwa hewa ya usiku.

Hewa ni mchukuzi dhaifu. Lita 1 ya maji huchukua joto zaidi ya mara 3,000 kuliko lita 1 ya hewa, kwa kila digrii. Tena joto hupita katika maji kwa wepesi zaidi ya mara 20 kuliko katika hewa iliyotulia. Kwa hiyo mkebe uliowekwa sakafuni hukaa na joto lake hata usiku wa manane, ingawa nje watu wamejifunika blanketi. Utie majini.

MAJI YAWE MENGI

Lakini angalia kiasi cha maji. Ukiweka mkebe wa maziwa lita 20 katika maji lita 20 yenye digrii 15, maji yatapata moto na maziwa yatapoa, mpaka yote yafike digrii 26 hivi. Hapo joto halina pa kwenda tena. Maji yakiwa lita 60, yote yatafika digrii 20 hivi. Na maji ya kijito au chemchemi yakipita katika birika daima, maziwa yatakaribia baridi ya maji yenyewe. Wakulima wa sehemu za juu, kama Kinangop, wana bahati ya maji baridi.

Njia ya joto nayo ina maana. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko plastiki. Mtungi wa plastiki ni kama blanketi la maziwa. Hata katika mkebe mzuri, maziwa ya pembeni hupoa na ya katikati hubaki na moto. Kwa hiyo yakorogwe.

Asiye na maji mengi anaweza kufunika mkebe kwa gunia lililoloweshwa na kuuweka kivulini penye upepo. Kilo 1 ya maji ikikauka kuwa mvuke huchukua kilojuli 2,400 hivi. Sehemu ya joto hilo hutoka hewani, sehemu hutoka katika maziwa. Lakini penye ukungu gunia halikauki, na kazi hiyo haifanyiki.

MAMBO YA KUFANYA

1. Osha mikono, kiwele na vyombo kwanza. Kupoza hakuui vijidudu. Huwazuia tu kuongezeka.

2. Tia mkebe majini mara tu umalizapo kuchuja maziwa, si baada ya chakula cha jioni.

3. Maji ya nje yapite kimo cha maziwa yaliyo ndani, lakini yasifike kwenye kifuniko. Mkebe usiojaa huelea. Uwekee jiwe juu.

4. Koroga kila baada ya dakika chache kwa chombo safi cha chuma, kwa muda wa nusu saa ya kwanza. Maji ya birika yakipata moto, yabadilishe.

5. Usichanganye maziwa ya asubuhi yenye moto na ya jioni yaliyopoa. Lita 20 zenye digrii 37 zikimwagwa katika lita 20 zenye digrii 17, zote huwa digrii 27, na vijidudu waliolala huamka.

6. Njiani funika mikebe kwa gunia bichi, uikinge na jua.

Birika la saruji karibu na kijito hujengwa mara moja, na majirani wawili au watatu waweza kulitumia pamoja. Mwulize Afisa wa Mifugo akuonyeshe mahali panapofaa, maji yakitoka birikani yasichafue ya watu walio chini. Ng'ombe amekwisha kufanya kazi yake. Iliyobaki ni kulipatia joto njia ya kutokea kabla hujalala.