Thamani ya Bastola ya Kale Hutokana na Nini?

Katika miji mingi iliyo kando ya Reli ya Kati, Dodoma ikiwa mmojawapo, husikika masimulizi ya mali zilizofukiwa ardhini na Wajerumani. Masimulizi hayo yana chanzo. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, na tarehe 29 Julai 1916 mji huo ulitekwa na majeshi ya Jenerali van Deventer yaliyoshuka kutoka Kondoa Irangi. Jeshi linalorudi nyuma kwa haraka huacha vitu vingi. Kwa hiyo si jambo la kushangaza sana ikiwa mtu anayechimba msingi wa nyumba katika mtaa wa Majengo atakuta kipande cha chuma chenye umbo la bastola. Swali la kwanza la watu wengi huwa ni bei. Jibu lipo, lakini haliwezi kueleweka kabla ya kufahamu chombo chenyewe kinavyofanya kazi.

Bastola nyingi za karne ya kumi na tisa zilikuwa rivolva. Katika rivolva risasi hukaa ndani ya silinda, na silinda hiyo huzungushwa kwa nguvu za kidole au za dole gumba la mpigaji. Bastola ya nusu otomatiki hujipakia yenyewe, na nguvu ya kufanya hivyo huipata kutoka kwenye baruti ile ile iliyosukuma risasi. Hapa mwanafunzi wa kidato cha tatu atatambua kanuni ya tatu ya Newton. Bastola ya Luger ina uzito wa takribani gramu 870. Ikirusha risasi ya gramu 8 kwa mwendo wa mita 330 kwa sekunde, bastola yenyewe, kama haikushikwa na mkono, itarudi nyuma kwa mwendo wa karibu mita 3 kwa sekunde. Mwendo huo wa kurudi nyuma ndio unaofungua kitako cha mtutu, kutupa nje ganda tupu na kukaza springi. Springi inaporejea husukuma risasi mpya kutoka kwenye magazini hadi ndani ya mtutu. Kidole kina kazi moja tu, yaani kuvuta kifyatulio, na kwa kila mvuto hutoka risasi moja. Ndiyo maana ikaitwa nusu otomatiki.

Hugo Borchardt alitengeneza bastola ya namna hii mwaka 1893. Ilikuwa kubwa na isiyoshikika vizuri. Kiwanda cha Mauser kilifuata na bastola yake ya mwaka 1896. Georg Luger aliirekebisha ile ya Borchardt, ikachukuliwa na jeshi la majini la Ujerumani mwaka 1904 na jeshi la nchi kavu mwaka 1908. Nchini Ubelgiji, kiwanda cha FN kilitengeneza bastola zilizobuniwa na Mmarekani John Browning. Hizo ndizo aina ambazo wakusanyaji wa leo huzitafuta zaidi.

Kutokana na mtambo huo huzuka hatari ambayo wengi hawaijui. Risasi zilizomo katika silinda ya rivolva aghalabu huonekana kwa macho, lakini iliyo ndani ya mtutu wa bastola ya nusu otomatiki haionekani. Magazini ikichomolewa, risasi moja yaweza kubaki ndani, na mtu akadhani ameshika chuma kitupu. Kutu haiondoi hatari hiyo. Fataki na baruti zilizofungwa vizuri ndani ya ganda la shaba nyeupe au nyekundu huweza kudumu miaka mingi kuliko chuma kinachozizunguka, na pengine huwa tepetevu zaidi kwa uzee. Bastola iliyotoka ardhini haishikwi wala haigongwi, na ni kosa kubwa kuitia motoni ili kulegeza kutu.

Sasa thamani. Mkusanyaji hutazama kwanza chapa. Katika Luger za jeshi mara nyingi mwaka wa kutengenezwa umepigwa juu ya chumba cha risasi, na jina au alama ya kiwanda huwa juu ya kiungo kinachojikunja. Namba kamili ya bastola hupigwa kwenye mwili wake, na tarakimu mbili za mwisho hurudiwa kwenye vipande vidogo vingi. Kama vipande vyote vina tarakimu zile zile, bastola haijawahi kuunganishwa na mabaki ya nyingine, na bei hupanda. Kipande kimoja kigeni huishusha.

Kisha hutazama ngozi ya chuma, na hapa kemia hufanya kazi kubwa. Chuma kikikutana na maji na oksijeni hufanya kutu nyekundu, ambayo ni laini na yenye vinyweleo, hivyo huruhusu unyevu kuendelea kula ndani. Watengenezaji wa zamani waliiachia bastola ishike kutu kidogo kwa makusudi, wakaichemsha ili kutu hiyo igeuke kuwa oksaidi nyeusi iliyoshikamana, wakaisugua, na kurudia mara kadhaa. Rangi nyeusi yenye ubuluu iliyopatikana ilikuwa kinga. Kifyatulio na vipande vingine vidogo vya Luger za awali havikupitia njia hiyo. Vilipashwa moto hadi juu ya nyuzi 200 za Selsiasi, vikapata rangi ya manjano ya majani makavu. Rangi hiyo si ya kupaka. Ni utando mwembamba mno wa oksaidi unaogawanya mwanga, kama ufanyavyo mwanga juu ya mafuta yaliyoelea majini. Moto ukizidi, manjano hugeuka zambarau, kisha buluu. Kwa hiyo Luger ya mwaka 1912 yenye kifyatulio cha buluu humfanya mjuzi ashuku mara moja kwamba imekarabatiwa.

Mtu asiyejua huona vumbi na kutu, akachukua msasa au asidi ya betri na kuing'arisha bastola mpaka imemetameta. Kwa kufanya hivyo amefuta chapa, namba na ngozi ya kiwandani, yaani kila kitu ambacho kingelipiwa. Hewa ya Dodoma huhifadhi chuma vizuri kuliko ya pwani, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwaka ni kavu na kutu huendelea polepole hewa ikiwa na unyevu mdogo. Inasikitisha kwamba kitu kilichovumilia karne nzima ardhini huharibiwa kwa alasiri moja.

Jambo la tatu ni historia iliyothibitishwa. Bastola ya FN iliyomuua Mwanamfalme Franz Ferdinand mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914 ilikuwa ya aina iliyotengenezwa kwa wingi. Leo imo katika makumbusho ya kijeshi mjini Vienna, kwa sababu tu inajulikana ilipitia mikono ya nani. Vita vilivyofuata ndivyo vilivyofika Dodoma miaka miwili baadaye. Uhaba nao huongeza bei, ingawa bei haitulii. Luger mojawapo kati ya chache mno zilizotengenezwa kwa majaribio ya jeshi la Marekani ya mwaka 1907 iliuzwa kwa dola milioni 1 mwaka 1989, na mwaka 2010 ikanadiwa kwa chini ya nusu ya fedha hizo. Bastola ya kawaida iliyoliwa na kutu, isiyo na namba inayosomeka, haifanani na hizo hata kidogo. Anayemwambia mwenzake kwamba kila chuma cha Mjerumani ni mamilioni anatafuta fedha za mwenzake.

Hata uzee wenyewe hupimwa na sheria kwa namna mbalimbali. Nchini Marekani silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla huhesabiwa kuwa ya kale, hivyo Mauser mbili zinazofanana kwa kila hali huweza kutofautiana kisheria kwa mwaka mmoja tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 iliweka mpaka wake mwaka 1863, miaka 30 kabla ya bastola ya Borchardt. Hivyo bastola ya nusu otomatiki haipati jina la kumbukumbu ya kale kwa umri wake pekee. Huangukia chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ambayo humtaka mwenye silaha awe na leseni. Aliyeikuta huiacha ilipo, huwazuia watoto wasiisogelee, na kutoa taarifa polisi. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa kusalimisha silaha kwa msamaha.

Hata hivyo, mwalimu wa historia aliyefika mahali hapo anaweza kufanya kazi yenye manufaa pasipo kugusa chochote: kuandika tarehe, mahali penyewe, kina cha shimo, aina ya udongo na vitu vingine vilivyoonekana karibu, kama vifungo vya nguo au maganda ya risasi, na kuipa polisi na Makumbusho ya Taifa nakala ya maelezo hayo. Bastola ikishaondolewa shimoni, habari hizo haziwezi kupatikana tena kutoka katika chuma chenyewe.