Damu Inapokimbia Kichwani

Haya, wajukuu, leo tunapanda kilima cha Bugando, hapo Mwanza, kwenda hospitali kusikiliza damu. Ndiyo, kuisikiliza, tena bila sindano.

Tuseme yupo mtoto wa Igogo, ana miaka saba, anaumwa selimundu. Kanda ya Ziwa ugonjwa huu umejaa, na mbu wana mkono wao humo. Aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui, na malaria kali humpata kwa shida. Ndiyo maana penye malaria nyingi urithi huo ulidumu. Balaa ni kurithi kwa baba na kwa mama pia: chembe nyekundu hujipinda, huvunjika mapema, na mishipa ya kichwani huweza kuanza kuwa myembamba. Damu ikifika penye wembamba hukimbia. Msidhani mbio hizo ni afya! Mshipa ukiziba kabisa, mtoto hupata kiharusi.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mwanangu. Lala hapa, ila usisinzie."

Usingizi hubadilisha mwendo wa damu, na kilio pia, kwa hiyo hapo watoto hubembelezwa kweli kweli. Nesi anampaka jeli kwenye panja, mahali ambapo fuvu ni jembamba, kisha anagusisha kifaa kidogo. Kifaa kinapeleka mawimbi ya sauti milioni 2 kwa sekunde. Sikio halisikii kitu. Mawimbi yakigonga chembe za damu zinazokimbia, yanarudi yamebadilika. Mmewahi kusimama kando ya barabara bodaboda ikapita ikipiga honi? Ikija honi ni kali, ikishapita inakuwa nzito. Christian Doppler wa Austria alieleza jambo hilo mwaka 1842. Tofauti kati ya wimbi lililokwenda na lililorudi sikio linaisikia, hivyo spika inatoa: fyuu, fyuu, fyuu.

Kwa tofauti hiyo mashine hupata mwendo wa damu. Ukiwa chini ya sentimita 170 kwa sekunde, mtoto anarudi nyumbani. Kuanzia 200, hatari ni kubwa. Kati ya hapo, anafuatiliwa kwa karibu.

Mashine ya MRI nayo hupima mwendo huo kwa njia nyingine: sumaku kubwa na mawimbi ya redio huzigusa chembe ndogo mno za haidrojeni zilizomo kwenye maji ya damu, na zinazosafiri hutoa ishara tofauti na zilizotulia. Picha yake ni nzuri kuliko fyuu fyuu, lakini mashine ni ghali, inapiga kelele, na mtoto hatakiwi kutikisika. Kwa kupima watoto wengi, mimi nachagua kile kifaa cha panjani.

Bugando walikitumia kwenye utafiti uitwao SPHERE. Watoto waliokutwa na mwendo wa 170 au zaidi walipewa haidroksiyurea, dawa ya kumeza kila siku, wakapimwa tena baada ya miezi kadhaa. Kwa wengi, namba ilishuka.