Kisumu, Eldoret au Entebbe? Hesabu ya Safari ya Ndege kwa Mkaazi wa Mpakani

Kaunti ya Busia haina uwanja wenye safari za kawaida za ndege za abiria. Mfanyabiashara, mwanafunzi au mgonjwa anayeenda Nairobi kwa ndege huanza safari yake barabarani, na wengi huachwa na ndege kwa kuhesabu muda wa angani peke yake.

Kutoka Kisumu hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ni takriban kilomita 280 kwa mstari ulionyooka. Kutoka Eldoret ni kama kilomita 270. Kwa barabara, Kisumu hadi Nairobi ni takriban kilomita 350, kwa kuwa barabara huzunguka milima na Bonde la Ufa.

Ndege yenye kasi ya kilomita 600 kwa saa ingemaliza kilomita 280 kwa dakika 28. Hata hivyo, safari huchukua kati ya dakika 45 na saa moja. Muda ulioandikwa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena. Ndani yake mna kutembea hadi njia ya kurukia, kupanda juu, kushuka polepole na kungoja zamu ya kutua.

Kutoka mjini Busia

Uwanja wa Kisumu uko kando ya barabara ya Kisumu–Busia, hivyo msafiri anayepitia Bumala, Ugunja na Maseno huufikia kabla ya kuingia mjini. Ni takriban kilomita 110. Ni vyema kutenga saa mbili na nusu.

Kwa mfano, ndege ikiondoka saa tatu na nusu asubuhi, abiria awe uwanjani saa mbili. Basi atoke Busia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Atatua Nairobi kabla ya saa nne na nusu: jumla ya saa tano hivi, ilhali basi huchukua saa nane au zaidi.

Kutoka Malaba

Mkaazi wa Malaba anaweza kupitia Bungoma na Webuye hadi Eldoret, takriban kilomita 130. Uwanja wenyewe uko nje ya mji, kama kilomita 16 upande wa barabara ya Kapsabet. Barabara hii hubeba malori mengi ya mizigo, kwa hivyo muda wa ziada ni muhimu.

Kupitia Entebbe

Kampala iko karibu kilomita 200 kutoka Busia, na Entebbe ni kilomita 40 zaidi. Raia wa Kenya anaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, lakini anayeunganisha kwenda nje ya Afrika Mashariki lazima awe na pasipoti. Saa za Kenya na Uganda ni sawa.

Soma saa vizuri

Tiketi hutumia saa 24. 07:00 ni saa moja asubuhi, si saa saba. 13:00 ndiyo saa saba mchana, na 19:00 ni saa moja usiku. Kabla ya kupanda matatu, msafiri athibitishe tarehe, saa na jina la uwanja, kwani Nairobi ina viwanja viwili: Jomo Kenyatta na Wilson.