Dhoruba, Viputo vya Hewa na Vifo vya Sangara

Mtu akiona samaki wengi wakielea wamekufa, jambo la kwanza kushuku ni sumu. Hata hivyo, sangara walipokufa kwa wingi katika Ziwa Viktoria na Ziwa Kyoga mwanzoni mwa Januari 2021, wizara inayohusika na uvuvi nchini Uganda ilieleza kuwa maji yalipungukiwa oksijeni baada ya dhoruba. Je, dhoruba si ndiyo inayoingiza hewa majini? Katika makala haya tunajaribu kujibu swali hilo.

Kwanza tutofautishe maneno mawili. Kiputo ni hewa iliyozungukwa na maji. Povu ni viputo vingi vilivyokusanyika juu ya maji. Upepo mkali hukuza mawimbi. Wimbi likivunjika, humeza hewa na kuisukuma chini ikiwa viputo. Vile vikubwa hupanda upesi na kupasuka. Vile vidogo hukawia, hubanwa na uzito wa maji, na oksijeni yake huyeyuka. Baharini chumvi huzuia viputo visiungane, hivyo hubaki vidogo na vingi. Katika maji baridi ya ziwa huungana kwa urahisi na kutoweka mapema.

Ikumbukwe kuwa viputo vya ziwani hufika mita chache tu, ilhali Ziwa Viktoria lina kina cha hadi mita 80 hivi. Huko chini bakteria huozesha mwani uliokufa na kuimaliza oksijeni. Upepo mkali hukoroga ziwa na kuyapandisha maji hayo, na viputo havitoshi kufidia upungufu. Sangara huhitaji oksijeni nyingi kuliko samaki wengine wengi, kwa hiyo hutangulia kufa.

Kwa hiyo upepo pekee hauui. Huibua yaliyokwisha kuharibika chini. Mwani hustawi kwa mbolea, maji machafu na udongo unaomomonyoka. Wasomaji wetu wa Jinja wanaishi kando ya ziwa lenyewe. Wale wa Mbale wako mbali nalo, lakini Mto Manafwa hubeba udongo wa miteremko ya Mlima Elgon kuelekea Ziwa Kyoga. Anayepanda miti na kuhifadhi vinamasi huko juu anamlinda pia mvuvi wa huko chini.