Kumchagulia Samaki Beta Wenzake wa Tangini

Mlaji anunuaye samaki wa mapambo hununua kiumbe hai, na kosa la uchaguzi huonekana siku chache tu baada ya fedha kutoka mfukoni. Tahadhari hii yamhusu zaidi anunuaye beta, aitwaye pia samaki mpiganaji. Asili yake ni maji yaliyotulia ya Thailand na nchi jirani, ambako dume hulinda eneo lake dhidi ya kila mshindani. Madume wawili wakiwekwa katika tangi moja watapigana hadi mmoja ajeruhiwe vibaya au afe.

Je, ni lazima awe na mwenzake?

La. Beta si samaki wa kundi, na akiishi peke yake hapungukiwi na kitu. Mkazi wa Buguruni anaweza kupima tangi lake kwa ndoo kubwa ya lita 20: ndoo moja ni kiasi cha chini cha kumtosha beta peke yake. Tangi lisilofikisha ndoo mbili tunashauri lisiongezwe samaki mwingine.

Wanaofaa

Konokono wa majini ni mwanzo mzuri, kwa kuwa hashindani na beta. Wapo pia koridora, jamii ya kambare wadogo wapole wakaao chini ya tangi. Hao huishi kwa kundi la sita au zaidi, hivyo huhitaji tangi kubwa zaidi.

Wasiofaa

1. Gapi dume. Mkia wake mpana wenye rangi humfanya beta amdhanie kuwa dume mwenziwe.
2. Samaki wa dhahabu. Hupendelea maji ya baridi zaidi, hukua sana na huchafua maji upesi.
3. Siklidi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Wanasifiwa duniani kote kwa rangi zao, lakini wengi wao ni wakali, na maji ya asili yao yana alkali nyingi kuliko yamfaayo beta.
4. Vifaranga vya perege. Leo ni wadogo. Baada ya miezi michache tangi halitawatosha.

Maji na umeme

Maji ya bomba hutiwa klorini, nayo hudhuru samaki. Yatieni kwanza dawa ya kuondoa klorini iuzwayo kwa ajili ya matangi ya samaki. Kumbukeni pia kwamba beta ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya maji. Umeme ukikatika na pampu ikasimama, yeye humudu, ilhali samaki wanaotegemea matamvua pekee huweza kukosa pumzi. Kadiri samaki wanavyozidi, ndivyo hatari hiyo inavyokua.

Kabla ya kulipa

Mwulizeni muuzaji jina la samaki, kama ni dume au jike, atakua kufikia ukubwa gani, na kama aweza kuishi na beta. Ombeni majibu hayo yaandikwe kwenye risiti. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Muuzaji akiwahakikishia kuwa madume wawili wataishi kwa amani, anawapotosha, na maandishi yake ndiyo ushahidi wenu. Anzeni kwa kumrudia muuzaji. Asipowasikiliza, pelekeni malalamiko Tume ya Ushindani.

Baada ya kufika nyumbani

Wachunguzeni samaki kwa makini katika siku za mwanzo. Beta akitanua matamvua na kuwafukuza wenzake mfululizo, au mapezi ya yeyote yakichanika, watenganisheni siku hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo, andaeni chombo cha pili kabla ya kununua samaki wa pili. Samaki asiyetakiwa asitupwe Mto Msimbazi wala mtaroni, kwa kuwa samaki wa kigeni huweza kudhuru viumbe wa asili. Arudishwe dukani au apewe mfugaji mwingine.