Inchi chache zinazowafungia wazee njia ya msituni

Katika misitu ya taifa ya Marekani, njia nyingi za pikipiki za magurudumu manne zina kikomo cha upana: chombo kisizidi inchi 50, yaani sentimita 127. Kijana hasumbuliwi na kikomo hicho. Hupanda pikipiki yake kama farasi, akaegemea kwenye kona na kusimama kwenye mashimo. Mtu wa miaka 70 mwenye nyonga iliyochakaa hayawezi hayo. Anachokimudu ni kigari chenye usukani, viti viwili bega kwa bega, mkanda na fremu ya chuma juu ya kichwa. Vigari vingi vya aina hiyo vimezidi upana huo. Mwili unapodai chombo salama zaidi, ndipo njia inapofungwa.

Kanuni hizi zina sababu nzuri. Mwaka 1972 Rais Richard Nixon alitia saini amri ya kudhibiti vyombo hivi kwenye ardhi ya serikali kuu, ili kulinda udongo, wanyama na usalama wa watu. Mwaka 2005 Idara ya Misitu, inayosimamia takriban hekta milioni 78, iliagiza kila msitu uchore ramani ya barabara na njia zinazoruhusu magari, aina za vyombo na, inapobidi, majira ya kuvitumia. Njia isiyokuwamo kwenye ramani imefungwa kwa magari. Waliosamehewa ni wachache, wakiwemo wazimamoto, walinzi wa sheria na wenye kibali cha maandishi. Ulemavu haukutajwa miongoni mwao, kwa hoja kwamba katazo linalowahusu watu wote halimbagui yeyote.

Kiti mwendo kina hadhi yake. Hata chenye mota huruhusiwa popote waendapo watembea kwa miguu, mradi kimetengenezwa kwa ajili tu ya mtu mwenye ulemavu wa kutembea na kinafaa kutumika ndani ya jengo. Sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 ilithibitisha kwamba hakizuiwi hata kwenye hifadhi za nyika, ambako magari yamepigwa marufuku. Pikipiki ya magurudumu manne haitimizi masharti hayo, hata kama mwenyewe hana miguu.

Bustani za majimbo na miji zina utaratibu mwingine. Tangu Machi 2011 zinapaswa kupokea vyombo vingine vya mota vinavyotumiwa na wenye ulemavu, isipokuwa zikionyesha kwamba haiwezekani kwa kupima ukubwa na mwendo wa chombo, wingi wa watembea kwa miguu, umbo la njia, usalama na madhara kwa mazingira. Mlinzi haruhusiwi kumhoji mtu kuhusu ulemavu wake. Anaweza kuomba uthibitisho tu, kama kadi ya maegesho ya wenye ulemavu. Uzee peke yake hautoi haki hiyo. Na kwenye ardhi ya serikali kuu, pasi ya wazee wa miaka 62 na kuendelea hupunguza gharama, haifungui njia iliyofungwa.

Siungi mkono kufungua kila njia kwa jina la wenye ulemavu. Matairi huchimba mteremko bila kujali umri wa dereva, na wapo wazee na wenye ulemavu wanaoufuata msitu kwa ajili ya utulivu wake. Lakini usawa wa maandishi hautoshi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: kikomo cha upana kikiwekwa bila kumsikiliza asiyeweza tena kupanda pikipiki, kitamwacha nje bila mtu yeyote kukusudia.

Nafasi ya kurekebisha ipo. Kanuni ya 2005 inataka wananchi washirikishwe katika kuteua njia, na uteuzi unaweza kubadilishwa. Kila msitu uainishe njia ambazo ardhi yake ni imara na zinaweza kupokea vigari vipana, uziunganishe na mahali pa kupumzikia na vyoo vinavyofikika, kisha utangaze upana na ugumu wa kila njia. Pale udongo usipostahimili, njia ibaki imefungwa kwa wote. Wazee na wenye ulemavu waitwe kabla ramani haijachorwa, wasikilizwe, na maoni yao yaonekane ndani yake.